"Mzunguko" Mmoja, Maana Mbili: Uhakiki wa Istilahi za Mota Ndogo

Istilahi hupimwa kwa kazi yake, wala si kwa utamu wa sauti yake. Neno la kitaalamu likimwezesha msomaji kutenda jambo lililo sahihi, limefaulu. Likimfanya atende kinyume cha lililokusudiwa, halina budi kuangaliwa upya, hata kama limekwisha kuzoeleka. Katika makala hii tunakusudia kuhakiki maneno machache yatumikayo kueleza mota ndogo za umeme, hususa zile za vigari vya mchezo viongozwavyo kwa rimoti. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaona kwamba jambo hili ni dogo. Lakini kanuni zinazoendesha kigari cha kuchezea ndizo zinazoendesha mota ya kusukuma maji na ya kukamua mawese, na mfasiri anayepotoka katika dogo atapotoka katika kubwa.

Tumechagua kuyatazama maneno haya tukiwa Ujiji, na uchaguzi huu una sababu. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara itokayo Bagamoyo, na Kiswahili kilifika katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika pamoja na mizigo na wapagazi, kisha kikavuka kwenda Kongo. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, yalikuja maneno ya mitambo. Zilipokuja injini za kupachika kwenye mitumbwi na maboti, yakaja mengine. Watoto wa Ujiji, kama wenzao wa mahali pengi nchini, wamezoea kuunda magari kwa waya na makopo. Siku hizi kijana huweza kukifunga chombo chake mota aliyoichomoa katika kinasa sauti kibovu, kisha akatamani mota yenye kasi zaidi. Hapo ndipo anapokutana na karatasi ya maelezo, na hapo ndipo shughuli yetu inapoanza.

Sentensi tunayoihakiki, ambayo tumeikuta katika tafsiri ya karatasi ya namna hiyo, ni hii: "Ukitaka kasi zaidi, chagua mota yenye mizunguko michache." Msomaji mwenye akili timamu atashangaa. Yawezekanaje kitu kinachozunguka mara chache kiwe na kasi kuliko kinachozunguka mara nyingi? Atadhani pana kosa la chapa, naye atachagua kinyume chake.

Hata hivyo, mfasiri hakukosea katika elimu ya mota. Kosa lake ni la istilahi. "Mizunguko" aliyoitaja si ya mhimili wa mota, bali ni idadi ya mara ambazo waya umezungushwa katika chuma cha ndani. Mota inapozunguka huzalisha umeme wake yenyewe, unaopingana na ule wa betri. Kila waya unapozungushwa mara moja zaidi, upinzani huo huongezeka. Kwa hiyo mota iliyozungushiwa waya mara 13 hulazimika kwenda mbio zaidi kuliko ile ya mara 27, kwa betri ile ile, kabla upinzani huo haujakaribia kulingana na nguvu ya betri. Kasi hiyo ina gharama yake: mota ya waya mchache hula umeme mwingi, hupata joto upesi, na kwa kila ampea moja hutoa nguvu ndogo ya kuzungusha.

Ni dhahiri, basi, kwamba neno "mzunguko" limebebeshwa mizigo miwili inayopingana ndani ya sentensi moja. Zaidi ya hayo, neno hilo hutumika pia kwa njia nzima anayopita umeme kutoka betri hadi mota na kurudi. Mizigo mitatu kwa mgongo mmoja ni mingi mno.

Tuyapime maneno yanayoweza kulisaidia. La kwanza ni "raundi". Lina sifa ya kueleweka upesi, lakini halitatui tatizo, kwa kuwa mhimili nao huenda raundi. La pili ni "mzongo", kutokana na kitenzi "kuzonga". Kwa maana yake neno hili ni zuri sana. Kwa bahati mbaya, wataalamu wa umeme nchini wanatumia "msongo" kwa kipimo cha volti, kama tusikiavyo katika habari za njia za umeme za msongo wa kilovolti 400. Kuandika "punguza mizongo, usipunguze msongo" ni kumtega msomaji, na kulitamka darasani ni kumtega msikilizaji zaidi. La tatu ni "pindi", ambalo wingi wake ni "mapindi". Nyoka hujipiga mapindi, na kamba iliyozungushwa juu ya nguzo ina mapindi. Kila mtu anayefunga mtumbwi ufukweni anaifahamu picha hiyo. Ni kweli kwamba "pindi" pia huonyesha wakati, lakini matumizi hayo ni ya kisarufi na hayawezi kuchanganyika na hesabu ya waya. Sentensi yetu ingekuwa hivi: "Ukitaka kasi zaidi, chagua mota yenye mapindi machache ya waya." Mshangao umeondoka, na mafundi wanaosema "kuwaindi mota" wangeweza, wakipenda, kusema pia "kuipiga mapindi upya".

Kosa la pili ni la alama. Mota zisizo na brashi huandikwa tarakimu zikifuatwa na herufi Kv, kwa mfano 3000 Kv. Mfasiri wetu aliandika "kilovolti 3000". Kama ingekuwa hivyo, kigari hicho kingehitaji msongo unaozidi mara saba ule wa njia kuu tuliyoitaja hapo juu! Maana halisi ni kwamba kwa kila volti moja mota hiyo, ikiwa haina mzigo, huzunguka mara 3000 kwa dakika. Kwa betri ya volti 7.4 itazunguka mara 22,200 kwa dakika. Hapa hatuoni haja ya kubuni neno jipya. Yatosha kuandika kwa ukamilifu: "mizunguko 3000 kwa dakika kwa kila volti". Urefu si dhambi pale ufupi unapodanganya.

Kosa la tatu ni la kuchanganya "kasi" na "nguvu". Karatasi ile inasema mota ya mapindi machache "ina nguvu zaidi", na wauzaji nao hupenda kusema hivyo. Lakini watu wa ziwani hawahitaji kufundishwa tofauti hii. Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 na kubadilishwa kutoka mvuke hadi dizeli katika miaka ya 1970, ina urefu wa zaidi ya mita 70. Rafadha zake, au pangaboi kama wengi wasemavyo, ni kubwa na huzunguka taratibu kuliko ile ndogo ya injini ya kupachika, nazo husukuma mzigo ambao injini hiyo isingeweza kuutikisa. Mzunguko wa haraka ni jambo moja, na uwezo wa kuzungusha kitu kizito ni jambo jingine.

Tofauti hii ikifichwa, hasara hufuata. Mwenye kigari akifunga mota ya kasi na kuacha gia ile ile, mota hubebeshwa mzigo usio wake. Iwapo gia ya mota ina meno 20 na ile inayoendeshwa ina meno 80, mota huzunguka mara nne ili gia kubwa izunguke mara moja. Mota ya kasi zaidi huhitaji gia yenye meno machache kuliko hayo 20, pamoja na kidhibiti mwendo kinachostahimili ampea nyingi zaidi. Asiyeambiwa hivyo ataunguza mota, na labda kidhibiti mwendo na betri pia. Kwa kijana aliyedunduliza fedha zake, hiyo si hasara ndogo. Fundi naye, akizisoma istilahi hizo hizo na kupunguza mapindi ya mota ya mashine ya kusaga akidhani anaiongezea nguvu, atawaunguzia watu chombo cha riziki.

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza:

(1) "Mzunguko" litumike kwa mwendo wa mhimili tu, na "pindi la waya" kwa waya uliozungushwa.

(2) "Kasi ya mzunguko" na "nguvu ya kuzungusha" yawe maneno mawili yasiyobadilishana, na neno "nguvu" lisiachwe peke yake katika maelezo ya mota.

(3) Alama za kigeni zifafanuliwe kwa maneno kamili zinapotajwa mara ya kwanza.

(4) "Kigari cha rimoti" likubaliwe badala ya "gari la redio", ambalo kwa wengi ni gari la watangazaji.

Mapendekezo haya si amri. Walimu wa fizikia na wa vyuo vya ufundi ndio watakaoyajaribu mbele ya wanafunzi, na mafundi ndio watakaoyakubali au kuyakataa. Tunawaomba wafasiri, kwa upande wao, wasiridhike na kupata neno linalolingana na lile la kigeni. Wamwulize mtu atakayeshika bisibisi ameelewa afanye nini, kisha ndipo wapeleke kazi yao kwa mpiga chapa.