Maziwa Bwawani

Katika Yeelen, filamu ya Souleymane Cissé wa Mali iliyotoka mwaka 1987, mama mmoja anaingia bwawani na maziwa. Anasimama majini, anajimwagia maziwa kichwani, anamwomba mungu wa kike wa maji amlinde mwanawe, kisha anajimwagia tena. Radi haipigi, moshi haufuki. Tunaona maziwa yakichirizika mabegani, na tunasikia sauti ya mwanamke anayejua kwamba baba wa kijana huyo, Soma, anamsaka amuue. Sijui onyesho jingine la tambiko katika sinema linalolizidi hili, na nguvu yake naiona katika jambo moja: Cissé ameliacha tambiko libaki kazi. Mtu anatenda kwa mikono yake, kazi inachukua muda na inamchosha, nasi tunamtazama mpaka amalize.

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki wamezoea namna nyingine. Tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, ambamo mume anamtoa mkewe kafara ili atajirike, filamu za Nigeria zimetujaza macho kwa vilinge na mafuvu. Ile ya kwanza ilikuwa na uzito, kwa sababu mzimu wa marehemu ulimwandama muuaji na utajiri ukamgeukia mateso. Waigaji wake wengi wakachukua kitambaa chekundu na kicheko, wakayaacha majuto. Humo dawa hufanya kazi papo kwa papo, na cheche za kompyuta zikitoka kiganjani mwa mganga, mtazamaji anajua fika zimetoka kwa fundi wa kompyuta. Yeelen ina mchi wa kichawi, kolonkalanni, gogo zito linalobebwa mabegani na wanaume wawili ili lisake kilichopotea na kumfichua mkosaji. Mchi huo hauwaki taa wala hauelei hewani. Unawavuta wabebaji, wanayumba, wanakwenda mbio mahali ambapo wao wenyewe hawakupachagua. Hila yote imo katika migongo na nyayo za waigizaji, na aliyewahi kubeba mzigo na mwenzake kwa mti mmoja, akajikuta anasukumwa asikotaka, ataiamini kwa mwili wake kabla akili haijaanza kuhoji. Hata pambano la mwisho la baba na mwana, ambalo mwingine angelimalizia bajeti nzima, limejengwa kwa kukata picha tu: uso wa mtu, tembo, simba, kisha mwanga unaomeza kila kitu.

Kuna pia mkutano wa Komo, chama cha siri cha Wabambara ambacho kwa desturi huongozwa na wahunzi. Wazee wameketi, mmoja anaimba, wenzake wanaitikia, pombe inazunguka, wimbo unarudi ulikotoka. Mhariri mwenye haraka angelikata onyesho hilo mapema sana. Lakini waliokulia penye ngoma za pepo za Pwani wanajua kwa nini tunasema pepo hupandishwa: haji kwa kuamriwa, hupandishwa polepole, kwa kurudiarudia, mpaka pumzi za watu zikubaliane. Ukilifupisha tambiko unakuwa umeliondoa lenyewe, ukabaki na mavazi yake.

Wapo watakaosema kwamba kupeleka Komo kwenye skrini ni kuivunjia heshima, hasa kwa kuwa chama hicho hakikuwaruhusu wanawake kukishuhudia. Pingamizi hili lina mizizi mirefu. Mwaka 1954 Mfaransa Jean Rouch alipiga filamu ya Les maîtres fous huko Gold Coast, juu ya vibarua kutoka Niger waliopagawa na pepo za magavana na majemadari wa kikoloni. Kamera yake ya kutia ufunguo haikuweza kupiga zaidi ya sekunde 25 kwa mfululizo, na kutoka katika kikwazo hicho alizaa ukataji wa ajabu: yai linapasuliwa juu ya sanamu ya gavana, kisha tunaona kofia ya manyoya ya gavana halisi. Ni ustadi mkubwa, nami nauheshimu. Hata hivyo Ousmane Sembène alimwambia Rouch ana kwa ana kwamba filamu zake zinawatazama Waafrika kama wadudu, na malalamiko hayo yana haki, kwa sababu sauti ya msimulizi inafafanua kila povu la mdomoni. Cissé hana msimulizi. Baada ya maelezo machache ya maandishi mwanzoni, anatuacha tusikie wazee wakitaja ndege na ishara, na ufunguo wa maana hatupewi. Siri ya Komo imebaki kwa wenyewe. Tulichopewa ni uzito wake.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, macho yao mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi, ingawa wekundu huo huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Je, si bora sinema ikaacha mambo haya kabisa? Nakubali kwamba filamu inayomvika bibi mnyonge sura ya kutisha inamwongezea adui, na yeyote aliyeitengeneza hana budi kujiuliza. Ila huo ni uvivu wa ufundi kabla haujawa kosa la mada. Anayehitaji kututia hofu kwa sekunde mbili atachukua uso uliokwisha kuogopwa mtaani. Cissé amechukua njia ndefu, na kwake hofu inaelekea juu: mwenye kutisha ni baba, mwenye cheo na elimu, anayetaka elimu hiyo ife naye kuliko kuiona mikononi mwa mwanawe. Mama mzee wa filamu hii ndiye yule aliyesimama bwawani akiomba. Hakuna atakayetoka ukumbini akimshuku jirani yake kikongwe kwa sababu ya mama huyo.

Na mwanga ule unapotulia, linabaki jangwa. Mtoto wa kijana aliyekufa anachimba mchangani kwa mikono yake, bila haraka, mpaka mayai makubwa meupe yanaonekana.