Mwanga Katikati ya Majani

Chukua jani la mwembe lililokomaa, ulitazame likiwa kiganjani, kisha uliinue likabiliane na jua. Kiganjani lilikuwa la kijani kilichokolea, liking'aa kwa nta yake. Juani linageuka kijani cha kuelekea manjano, na mishipa yake yote inaonekana. Mwanga uliorudi na mwanga uliopenya hutofautiana rangi, maana ule uliopenya umepita ndani kabisa, na klorofili imeunyonya wekundu na buluu yake. Mchoraji wa misitu kwa kompyuta asiyelijua hilo huotesha miti ya bati lililopakwa rangi.

Tena majani ni maelfu kwa maelfu, na kila moja huwakinga wenzake jua huku likiwarushia kidogo. Mwaka 1986 James Kajiya aliandika mlinganyo wa jinsi mwanga unavyoruka toka kitu hadi kitu mpaka ufike jichoni. Ni mstari mmoja tu, lakini kuukokotoa kwa msitu mzima kunazichosha kompyuta hata leo.

Ninaowastahi zaidi ni waliotangulia. William Reeves aliutengeneza msitu wa filamu fupi ya The Adventures of André & Wally B. ya mwaka 1984, na mwaka uliofuata yeye na Ricki Blau wakaeleza mbinu yake. Kuufuata kila mwale hakukuwezekana. Basi wakajiuliza: jani hili limezama kiasi gani ndani ya mti, ukipimia upande wa jua? Kadiri lilivyozama ndivyo walivyolififiza, na bahati nasibu ikasaidia kuamua yapi yamemetuke. Swali kama hilo humjia mtu aliyekaa sana chini ya miti, akatazama. Ndiyo maana naiita kazi yao usanii, ingawa imeandikwa kwa hesabu.

Na ardhini je? Madoa ya mwanga chini ya mti ni ya mviringo hata pale tundu kati ya majani lilipo na pembe, kwa kuwa kila doa ni taswira ya jua lenyewe. Jua likipatwa, madoa nayo huwa hilali. Programu inayolichukulia jua kuwa nukta haiyapati kamwe. Inayolipa upana wake halisi angani, kama nusu digrii, huyatoa yenyewe bila kuagizwa.

Kesho saa sita mchana, simama chini ya mti wenye majani mengi, utazame miguuni pako.