Mlango Mmoja, Tokeni Nyingi

Dereva wa Karatina anayetaka kufanya upya leseni yake huketi kwenye kompyuta ya saiba na kufungua ukurasa wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kabla hajajaza lolote, ukurasa humpeleka kwenye mlango wa eCitizen, mfumo wa huduma za serikali ya Kenya mtandaoni. Hapo huandika namba ya kitambulisho na neno la siri, husubiri msimbo uingie kwenye simu, kisha hurudishwa NTSA akiwa tayari anajulikana kwa jina. Anayeomba pasipoti akiwa Nanyuki na anayesajili jina la biashara akiwa Othaya hupita mlango huohuo. eCitizen ilianza mwaka 2014 na huduma chache. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 pamoja na programu ya simu ya Gava Mkononi. Mfumo kama huu husifiwa kwa wepesi wa kuingia. Mimi nashikilia kwamba kipimo chake cha kweli ni vitu viwili: udogo wa ufunguo unaokabidhiwa kila programu, na wepesi wa kuufuta ufunguo huo mambo yakiharibika.

Ufunguo mdogo si jambo geni kwa mkazi wa Nyeri; anaujua kwa jina la tokeni. Akinunua stima ya mita ya kulipia kabla, hupokea tarakimu 20 zilizotengenezewa mita yake peke yake. Jirani akizinakili na kuzibonyeza kwenye mita ya kwake, mita itazikataa. Zikishaingia mara moja, haziingii tena. Mifumo mingi ya kuingia mara moja duniani imejengwa kwa mantiki hiyo, na kanuni inayotumika sana, OAuth 2.0, ilichapishwa Oktoba 2012. Huduma haipewi neno la siri kamwe. Humpeleka mtu mlangoni. Mlango ukishamtambua humrudisha na msimbo wa muda mfupi. Kisha seva ya huduma huuwasilisha msimbo huo mlangoni, nje ya macho ya kivinjari, na kupewa tokeni. Tokeni hiyo hueleza ni ya nani, inafungua nini na inakwisha lini. Ikiibwa, mwizi amepata haki ya huduma moja kwa dakika kadhaa. Neno la siri likiibwa, amepata nyumba nzima.

Kwenye simu hesabu hubadilika. Programu inaweza kufungua dirisha la wavuti ndani yake yenyewe na kumwonyesha mtu ukurasa halisi wa kuingia. Mtu huona nembo anayoiamini, lakini programu iliyobeba dirisha hilo ina uwezo wa kusoma kila herufi anayoiandika. Kwa sababu hiyo Google ilizuia akaunti zake kufunguliwa kwa njia hiyo kuanzia Aprili 2017, na Oktoba mwaka huo mwongozo wa RFC 8252 ukaagiza programu za simu zitumie kivinjari cha simu chenyewe. Humo programu haioni kinachoandikwa. Ilibaki hatari ya msimbo kudakwa na programu nyingine unaporudi, na dawa yake, PKCE, ilikuwa imechapishwa tangu Septemba 2015. Programu hubuni siri mpya kila safari, hutuma mlangoni muhtasari wake wa kihesabu usiorudishika nyuma, na mwishoni hutoa siri yenyewe ili ilinganishwe. Aliyedaka msimbo bila siri ile ameshika karatasi tupu.

Hapa huja pingamizi lenye uzito. Ikiwa mwenye programu ndiye mwenye mlango, kama serikali inavyomiliki vyote viwili, ya nini kumzungusha mwananchi? Programu inaaminika; iandikiwe neno la siri mlemle ndani. Hoja hii inachanganya kumwamini mwenye programu na kuiamini programu iliyo mkononi. Anayepakua hawezi kwa jicho kutofautisha programu halali na nakala yenye nembo ileile. Tukimzoesha kuandika neno la siri ndani ya programu, tumemzoesha kuliandika ndani ya nakala pia. Tena programu inayopewa neno la siri inaweza kulihifadhi mahali, na simu ikianguka mikononi mwa mwingine, siri imekwenda nayo.

Programu ya kuaminika hata hivyo inastahili upendeleo mmoja: kumvusha mtu hadi kwenye wavuti bila kumwuliza tena. Tuseme mkulima wa Mukurwe-ini yumo ndani ya programu, akabonyeza fomu iliyo kwenye ukurasa wa kawaida. Njia mbovu ni kuibandika tokeni yake kwenye anwani ya ukurasa, kwani anwani hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva. Njia njema ni programu kuomba kwa seva tiketi ya safari moja, inayokufa baada ya sekunde chache. Kivinjari huitoa tiketi, seva huichana, na mahali pake huweka sesheni ya kawaida, yaani kipindi cha kuwa ndani chenye mwisho wake. Anayeikuta anwani ile baadaye hana kitu.

Pingamizi la pili ni kwamba mlango mmoja ukiziba, wote hubaki nje. Kenya ililiona hilo mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen iliposongwa na mafuriko ya maombi bandia katika shambulio ambalo kundi la Anonymous Sudan lilidai kulifanya, na huduma nyingi zikakwama. Funzo lake halilazimu turudi kwenye maneno ya siri kumi kwa kila mtu, kwa maana mwenye maneno kumi huishia kutumia moja kila mahali. Tokeni yenye sahihi ya kidijitali inaweza kukaguliwa na huduma yenyewe bila kuuliza mlangoni, hivyo waliokwisha kuingia huendelea na shughuli zao. Gharama yake ni kwamba tokeni ya namna hiyo haifutiki papo hapo, kwa hiyo lazima uhai wake uwe mfupi, na tokeni nyingine ya uhai mrefu, inayozaa hizo fupi, ibaki chini ya mamlaka ya mlango.

Wengine watasema usalama halisi ni kuulizwa kila mara, kama M-PESA inavyodai PIN kwa kila muamala tangu 2007. Hilo ni sahihi panapohamishwa pesa. Kuulizwa PIN ili tu kusoma hali ya ombi la pasipoti humchosha mtu hadi aibonyeze bila kutazama, na mkono uliozoea hivyo ndio matapeli wanaousubiri. Basi kuingia kudumu kwa mambo madogo, na uthibitisho mpya udaiwe kwenye malipo, kubadilisha namba ya simu na kutoa hati.

Turudi kwenye kiti cha saiba, maana hapo ndipo hoja yangu inasimama au kuanguka. Katika mfumo wa mlango mmoja, dereva wetu ana sesheni mbili: ya huduma na ya mlango wenyewe. Akifunga ukurasa wa leseni akadhani amemaliza, ya mlango inaweza kuwa hai bado. Mteja anayefuata akifungua huduma nyingine, kivinjari humpeleka mlangoni, mlango humtambua aliyeondoka, na mgeni huingia kwa jina lisilo lake bila kuulizwa chochote. Hakuna aliyevunja kitu. Wepesi ulioufanya mfumo upendwe ndio uliomfungulia. Kwa hiyo kutoka kuwe kitufe kimoja kinachofunga sesheni zote, kompyuta ya umma ipewe uhai mfupi kuliko simu ya mtu binafsi, na kila mwananchi aone orodha ya vifaa vilivyoingia kwa jina lake na afute asichokitambua. Aliyepoteza simu aweze kufanya hivyo kwenye kaunta ya Kituo cha Huduma mjini Nyeri, kwa kitambulisho chake, kwa sababu laini inayopokea misimbo imepotea pamoja na simu hiyo.