Utata wa "-a" Unganifu na Njia za Kuchanganua Sentensi

Kirai "mwana wa mwalimu wa Malindi" kina fasiri 2: wa Malindi aweza kuwa mwana, au mwalimu. Katika "mwana wa mwalimu wa jirani wa Malindi" fasiri hufikia 5; kikiongezwa kiungo kingine, 14. Njia ya Jay Earley, iliyochapishwa mwaka 1970 kwa ajili ya sarufi zisizotegemea muktadha, huhifadhi kila kipande kilichokwisha kuchanganuliwa ili kisirudiwe. Hivyo hata panapo utata, kazi haipiti kadiri ya kipeo cha tatu cha urefu wa sentensi. Ni sifa kubwa.

Lakini mchanganuzi anayeuchelewesha upatanisho wa ngeli hadi mwisho, kana kwamba ni pambo, hujitwisha mzigo asiouhitaji. Katika "kitabu cha mwalimu wa Kilifi", "wa" haiwezi kurejea kitabu. Fasiri ni 1 tu. Na kwa kuwa ngeli zina idadi maalumu, zaweza kuandikwa ndani ya kanuni zenyewe, ingawa kanuni zitaongezeka. "Mwana wa mwalimu" hausaidiki hivyo: nomino zote ni za ngeli moja, na msikilizaji wa Malindi huamua kwa kuwajua watu wanaotajwa.