Mdomo wa Sindano: Kuchagua Seti ya Pancha za Tyublesi

Siku hizi seti ya pancha za tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, inasifiwa kwa wingi wa vitu vilivyomo. Juzi hapa Arusha, kwenye kijiwe chetu cha waendesha baiskeli, seti moja ilizungushwa mkono kwa mkono kama pete ya uchumba: boksi la plastiki linalong'aa, sindano mbili, tupa, kisu, nyuzi za rangi tatu na chupa za gesi. Kila aliyeishika aliguna kwa kuridhika. Hakuna hata mmoja aliyechomoa sindano akaitazama kwenye mwanga. Seti ile ni takataka, na kuna mtu ataingia nayo porini huko Longido akiamini kwamba amejipanga.

Tupa ndiyo iliyosifiwa kuliko vyote, kwa hiyo nianze nayo. Tupa ya mviringo ni kifaa cha tairi la gari. Tairi la gari lina nyaya za chuma chini ya kashata, na uzi wake ni mnene, hivyo lazima njia ipanuliwe kwanza. Tairi la baiskeli ni nyuzi za nailoni zilizofunikwa kwa mpira mwembamba. Ukisukuma tupa humo unakata hata zile zilizosalimika, na tundu la mwiba linakuwa mpasuko. Seti yenye tupa imetengenezwa na mtu aliyechukua seti ya gari akaipunguza ukubwa. Irudishe dukani.

Nyuzi ziwe za unene wa aina mbili, milimita 1.5 kwa ajili ya mwiba na msumari mdogo, na milimita 3.5 kwa ajili ya jiwe lililochana. Ziwe nyeusi au za kahawia. Za rangi nyingine mimi sinunui. Na ziwe mbichi. Kazi ya uzi si kujaza tundu tu. Mpira wake mbichi unatakiwa ushike kuta za tundu, kisha dawa ya kuziba pancha iliyomo ndani ya tairi ije ikusanyike kwenye nyuzinyuzi zake na kukauka hapo. Uzi uliokauka haushiki chochote. Ukipanda kilima kimoja umeshachomoka.

Hapo ndipo matapeli wanapopatia riziki. Nimemwona muuzaji mmoja akiwa na kitambaa chenye petroli, anafuta uzi mmoja mmoja uliokaa dukani hadi ukakakamaa. Petroli hulainisha ngozi ya juu, uzi ukanata vizuri mbele ya mteja, na ukifika nyumbani umeshakuwa mkavu tena. Usiridhike kwa kuugusa. Mwombe akukatie kipande, ukitenganishe kwa kucha. Uzi mzuri umelowa mpira hadi katikati, na nyuzinyuzi zinaachana shingo upande zikivuta utando mwembamba. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe, kavu, zimejificha chini ya ngozi nyeusi, mwachie uzi wake.

Sasa sindano. Mnunuzi asiyejua hugusa ncha kwa kidole, akichomwa anafurahi. Ncha si hoja. Tena ncha kali kupita kiasi, kwenye sindano ndefu isiyo na kizuizi, itapita tairi na kwenda kuchana utepe wa ringi, na hapo umepata tundu ambalo uzi hauliwezi. Cha kutazama ni mdomo: ule ufa mdogo mbele ya tundu la sindano, ambamo uzi hutokea pale unapovuta sindano kurudi nje.

Mdomo ukibana, sindano inarudi na uzi wake, tundu linabaki wazi, hewa inafoka na dawa inakurukia miguuni. Ndiyo maana utawaona watu wakizungusha sindano mara mbili tatu kabla ya kuvuta, wakidhani huo ndio ufundi. Sindano yenye mdomo mzuri haizungushwi. Inaingia moja kwa moja, uzi ukiwa umekunjwa katikati, hadi ncha za uzi zibaki nje kiasi cha sentimita moja, kisha inavutwa kwa mkupuo mmoja. Mdomo ukiwa mpana, uzi unatoka mapema na kujikunja pale pale mlangoni. Na mdomo wenye kingo kali, ambao ndio mwingi sokoni, unakata uzi katikati wakati wa kuvuta. Kwa nje utaona ncha mbili zimekaa vizuri. Ndani hakuna kitu.

Pale Ngaramtoni kulikuwa na mzee mmoja ambaye vijana wote tulimwita Babu. Ukimletea sindano mpya, haikuingia kwenye tairi hata siku moja kabla hajaipima. Alichukua uzi wa cherehani, wa pamba, akaupitisha mdomoni mwa sindano kwenda na kurudi, polepole, sikio likiwa karibu kabisa. Kisha akaunyoosha uzi ule juani na kuutazama. Ukiwa umeota manyoya, alikuambia, "Hii inakula uzi, kijana. Mrudishie mwenyewe." Ukishindwa kuirudisha, alikunja kipande cha msasa laini, akasugua kingo za mdomo ndani na nje, akapima tena. Angeweza kumaliza nusu saa kwenye ufa usiozidi upana wa punje ya mtama, na wateja wakangoja.

Lakini hata sindano nzuri inahitaji tairi la kushika uzi. Kampuni za Mavic, Hutchinson na Michelin zilipoleta mfumo wao wa tyublesi uitwao UST mwaka 1999, tairi lilikuwa zito, mpira wake wa ndani mnene, na lilishika hewa hata bila dawa. Ukuta ule ulikuwa na nyama ya kushika uzi. Leo kila mtu anataka tairi jepesi, karatasi tupu, halafu anashangaa uzi ukimtoka. Matairi yale yalikuwa ya kiume, nami nayakumbuka.

Katika vifaa vya kuzibia vilivyopo sokoni, Dynaplug naikubali. Haina mdomo wa kukuumiza kichwa, kwani uzi umebanwa kwenye ncha ya shaba ya manjano inayobaki ndani ya tairi. Ila vipuri vyake ni ghali. Ukichukua sindano ya kawaida, mpini wake uwe wa chuma, wa umbo la T. Chupa za gesi waachie washindani, maana gesi ile huvuja haraka kuliko hewa ya kawaida na ubaridi wake hugandisha baadhi ya dawa. Wewe chukua pampu.

Jambo la mwisho ni koleo ndogo, ambayo karibu seti zote hazina. Tairi la tyublesi hutembea na miiba ya migunga na mbigili kwa miezi bila wewe kujua, kwa sababu dawa imeziba kila mmoja ulipoingia. Siku ubavu ukichanika ukalazimika kuweka tyubu, miiba yote hiyo inaisubiri. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima, usitumie kidole. Kinapokwama pana mwiba. Ushike kwa koleo na uung'oe kwa upande ulioingilia, kisha rudia mzunguko kwa kwenda upande wa pili, maana iliyolala hukikwepa kitambaa mara ya kwanza.