Boti Zisizo na Kalibu

Chuma kikikaribia kuyeyuka hukuonya. Huanza kuwa chekundu kama kaa, kikageuka rangi ya chungwa, kisha kikang'aa mpaka macho yakuume. Alumini haina hisani hiyo. Hubaki na weupe wake ule ule, imetulia kana kwamba hakuna kinachoifika, halafu ghafla inadondoka, na mbele yako pana tundu. Siku yangu ya kwanza kuishika nilitoboa bati jipya kabisa, katika karakana ya boti huku pwani. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, hii usiitazame rangi. Itazame ngozi."

Ngozi aliyoisema ni utando mwembamba wa oksidi unaoifunika alumini wakati wote. Metali yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali utando huo huvumilia hadi zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo ndani kunakuwa maji na juu bado pana ganda. Mchomeleaji husugua ganda hilo kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, huwasha moto wake chini ya gesi ya agoni, na hungojea dalili moja tu: uso wa bati kulowa na kumeta kama kioo. Ukichelewa kupiga hatua baada ya hapo, umelipoteza bati. Ukiwahi, mshono haushiki, hata ukionekana mzuri.

Tangu nilipoijua dalili hiyo nimezipenda boti za alumini, na zaidi ya zote zile za mashindano ya bahari kuu zilizojengwa Uingereza, Italia na Marekani kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980. Wengi wakitazama picha zake huona injini, rangi na majina ya wafadhili ubavuni. Macho yangu mimi hukimbilia chini, kwenye mkuku na mishono, maana huko ndiko mafundi walikoandika walichokuwa wanakifikiri.

Mashindano hayo yalipata umbo lake mwaka 1960, katika mbio za kutoka Miami hadi Nassau, Bahamas. Bahari ilichafuka siku hiyo. Boti ya Dick Bertram iitwayo Moppie, ya futi 31, ilimaliza safari kwa muda wa takribani saa nane, na iliyoifuata ikaingia saa mbili nyuma yake. Siri ilikuwa kwenye kitako. Boti za kasi za wakati ule zilikuwa na omo kali iliyolegea na kuwa bapa kadiri unavyoelekea tezi. Mchoraji Ray Hunt aliiacha V yake ibaki na ukali, karibu digrii 24, mpaka mwisho wa boti. Kitako bapa hulipiga wimbi kofi, na kofi hilo humrudia aliye ndani. Kitako cha V hulipasua na kushuka ndani yake.

Moppie ilikuwa ya mbao. Mwaka uliofuata boti za Bertram za futi 31 zikaanza kutolewa kwa faibaglasi, na hapo hadithi ya umbo ikaingia kwenye kalibu. Sina ugomvi na faibaglasi, imewabeba wavuvi na watalii wengi salama. Lakini kalibu ni ghali kuitengeneza, na ukishaitengeneza imekufunga: boti ya kumi itatoka sawa na ya kwanza, pamoja na makosa yake. Anayetaka V kali zaidi kwa digrii mbili, au kitako chembamba zaidi kwa shubiri moja, hana budi kuanza upya na kalibu mpya.

Kwenye alumini hakuna kalibu. Pana mchoro, mataruma yaliyosimamishwa sakafuni, mabati, msumeno na moto. Mchoraji akibadili mawazo baada ya mbio za Jumapili, Jumatatu fundi anaweza kukata kipande cha kitako na kuchomelea kingine. Ndiyo maana ukiziweka boti hizi kando kando, hata za mchoraji mmoja, hata zilizotoka karakana moja, utaona zinatofautiana kama ndugu wa tumbo moja. Hii imeteremsha mikanda yake ya chini, vile vidole vya alumini vyenye ncha vinavyotembea chini ya kitako kutoka omo kwenda tezi, ili ipate kuinyanyua mapema. Ile imeikata mikanda hiyo nusu ya njia kwa sababu ilikuwa ikiinyanyua omo mno. Moja imewaweka mabaharia wake watatu nyuma kabisa, wamesimama, magoti yakinywa vishindo, na nyingine imewasogeza mbele ili uzito uikandamize omo kwenye upepo. Kuna ambayo injini zake mbili zimekaa sambamba, na kuna ambayo imezipishanisha, moja mbele ya nyingine, ili kitako kibaki chembamba. Kila badiliko ni jibu kwa bahari fulani iliyomtesa mtu fulani.

Katika wachoraji hao, anayenigusa zaidi ni Renato Levi, aliyeitwa Sonny. Alizaliwa Karachi mwaka 1926 na kuianza kazi yake ya boti Bombay, upande wa pili wa bahari yetu hii, kabla ya kuhamia Italia. Kitabu chake cha mwaka 1971 alikiita Dhows to Deltas, yaani kutoka majahazi hadi boti za pembetatu, na jina hilo silichukulii kuwa pambo. Fundi wa jahazi, Bombay au Lamu, hana kalibu wala mara nyingi hana mchoro. Anaulaza mkuku, anaisimamisha omo, na mwili unafuata jicho lake na mti alioupata. Levi aliujua ulimwengu huo kabla ya kukutana na mashindano ya bahari kuu. Alikuja kujulikana kwa umbo la pembetatu, jembamba omoni na pana tezini, na boti yake A'Speranziella ilishinda mwaka 1963 katika mbio za Cowes hadi Torquay, kusini mwa Uingereza. Boti hiyo ilikuwa ya mbao. Alumini ilikuja kumpa uwanja mkubwa zaidi baadaye.

Don Shead, Mwingereza, yeye alikuwa mchoraji na dereva pia, na nadhani hilo linaonekana katika kazi zake. Boti zake za alumini, zikiwamo zilizojengwa Viareggio nchini Italia, ni ndefu, kali na hazina madoido. Mtu aliyekwisha kuruka wimbi akiwa ameushika usukani wake mwenyewe hapotezi bati kwa mapambo. Na kuna Clive Curtis na James Beard wa kampuni ya Cougar, waliouacha mwili mmoja na kugeukia pacha: vitako viwili vyembamba na handaki katikati linaloudaka upepo na kuibeba boti. Mwaka 1977 pacha wao, Yellowdrama III, aliwashinda wote Cowes–Torquay. Kwenye maji tulivu pacha hakamatiki. Kwenye mawimbi marefu upepo ule ule unaomnyanyua unaweza kumpindua chali, na hapo ndipo wa mwili mmoja humpata.

Mabishano hayo yalikuja kuonekana wazi kwenye Atlantiki. Mwaka 1985 Virgin Atlantic Challenger, pacha wa futi 65, alianza kuivuka bahari hiyo kuivunja rekodi iliyowekwa na meli United States mwaka 1952, siku 3, saa 10 na dakika 40. Karibu kabisa na mwisho, nje ya visiwa vya Scilly, akagonga kitu na kuzama. Watu wote waliokolewa. Mwaka uliofuata kikaja chombo cha pili, na safari hii Levi ndiye aliyekichora: mwili mmoja wa V, futi 72, alumini. Mabaharia wake walitiliwa mafuta yaliyochanganyika na maji, wakapoteza saa nyingi wakibadilisha vichujio katikati ya bahari, na bado wakafika kwa siku 3, saa 8 na dakika 31. Saa mbili na dakika tisa tu ndizo zilizowatenganisha na ile meli kubwa. Mwaka 1992 Destriero ya Italia, alumini tupu yenye urefu wa mita 67, ilivuka bila kuongeza mafuta kwa saa 58 na dakika 34, wastani wa zaidi ya maili 53 za baharini kwa saa. Nikiwaza urefu wa mishono iliyomo katika mwili ule, mabega yananiuma.

Maana mshono ndio udhaifu wa alumini, na sifa zote nilizotoa zina gharama hapo. Ina theluthi moja tu ya uzito wa chuma, na aina ya 5083, iliyotiwa magnesi, huivumilia chumvi bila hata rangi. Lakini joto la kuchomelea hulilegeza bati kandokando ya mshono, na hulipinda pia. Fundi mwenye subira huchomelea kiganja kimoja kushoto, huhamia kulia kiganja kimoja, hurudi, huenda omo, huja tezi, ili mwili upoe bila kukunjamana. Kisha kuna uchovu. Chuma ukikipiga chini ya kiwango fulani kitavumilia daima. Alumini haina kiwango hicho. Kila kishindo cha boti iliyoruka wimbi na kutua kimeandikwa mahali, na siku moja unatokea ufa mwembamba kama unywele, kwa kawaida pale mshono unapoishia. Mzee wangu alikuwa akiutafuta mwisho wa ufa kwa kucha, akautoboa tundu dogo la duara ili usiendelee mbele, ndipo akaukata na kuuchomelea upya.

Siku moja tuliletewa boti ya doria ya injini moja, iliyokuwa na rafadha ya kuzungukia kulia. Mkanda mmoja wa chini ulikuwa umepasuka, na nilipolala chini yake kupima niliona jambo: mkanda wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa karibu mkono mzima, na mwishoni umeshushwa kidogo. Nikadhani ni kazi mbovu ya mtu aliyekosa kipimo. Nikachora mstari wa kuukata ulingane na mwenzake.

Mzee akaingia chini, akapitisha kiganja kando ya mkanda mpaka tezi, akarudi nacho taratibu. "Rafadha inazunguka wapi?" akaniuliza.

"Kulia, mzee."

"Basi boti inainamia wapi?"

Nikanyamaza. Rafadha ikiyasukuma maji kuzungukia kulia, mwili huegemea kushoto. Aliyeijenga aliliona hilo majini, akairudisha karakana, akaurefusha mkanda wa upande huo ili uinyanyue. Hakukuwa na mchoro wowote uliolieleza. Mzee akachukua kitambaa, akaufuta mstari wangu, akachukua vipimo vya mkanda ule jinsi ulivyokuwa na kuviandika kwa chaki ubavuni. Tukauchomelea hivyo hivyo, mrefu, umeshuka kidogo mwishoni, kiganja kwa kiganja, mpaka jioni.