Skida Hufia Kiunoni

Mkulima wa Mabogini ambaye kwa miaka mingi amelima na kuvuruga majaruba ya mpunga kwa trekta, na ambaye sasa, baada ya kujiwekea akiba, ameazimia kuingia katika biashara ya mbao, huenda kuitazama skida kuukuu inayouzwa akiwa na elimu moja tu, nayo ni elimu ya trekta. Hutaka kusikia injini ikiwaka bila kusitasita, huutazama moshi unaotoka katika bomba, huchomoa kijiti cha oili akakinusa, na mambo hayo yakimridhisha huanza kupatana bei. Elimu hiyo si ya kudharauliwa, maana trekta aghalabu huishi na kufa kwa injini yake. Walakini skida hufia kiunoni, na isipofia kiunoni hufia kwenye winchi. Na muuzaji ayajuaye hayo huiosha injini kwa mafuta ya taa hata ikang'ara, akakiacha kiuno kimefunikwa na grisi mpya.

Kwa wasioufahamu mtambo huu, skida ni gari la kukokotea magogo lenye magurudumu manne makubwa yaliyo sawa, ambalo fremu yake imegawanywa katikati na kuunganishwa tena kwa pini mbili za wima, moja juu na moja chini, hata likawa hugeuka kwa kujikunja lenyewe zima, likisukumwa na silinda za haidroliki. Mbele lina bamba la chuma la kusukumia vizuizi, na nyuma lina winchi na upinde ambao waya hupita juu yake, ili vichwa vya magogo vinyanyuke na mikia ikokoteke ardhini. Kiungo hicho cha kati, ambacho ndicho kiuno, hubeba uzito wa mtambo, huvumilia kila kisiki na kila shimo, na hupokea mvuto wote wa magogo; wala hakuna sehemu katika trekta la shambani inayofanya kazi mfano wa hiyo, na ndiyo maana fundi hodari wa matrekta aweza kuuzunguka mtambo mara mbili asiitazame.

Kabla ya kuukaribia mtambo wenyewe, yafaa tuulize magogo yatatoka wapi, kwani swali hilo ndilo linaloamua kama skida inahitajiwa. Msitu wa asili wa mlima umefungwa: uvunaji wa miti ya asili Kilimanjaro ulipigwa marufuku mwaka 1984, na mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ikapanuliwa hata ikauingiza msitu ule ndani yake, kwa hiyo mtu anayeziwazia mbao za mkulo anawaza jinai. Kilichobaki kwa mvunaji wa halali ni mashamba ya miti ya kupandwa, yaani West Kilimanjaro upande wa Siha na Rongai upande wa Rombo, yenye misaiprasi na misindano iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, pamoja na vishamba vya watu binafsi vilivyotawanyika. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 yataka leseni, na leseni ina kiasi chake na muda wake.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa chungu. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.28, na likiwa bichi lina uzito usiopungua kilo 200 kwa kawaida. Tuseme mvunaji mdogo amepata mita za ujazo 200 kwa mwaka. Hayo ni magogo kama 700 ya kiasi hicho. Tuseme tena, bila kujisifu, kwamba skida yake yaweza kutoa mita za ujazo 40 kwa siku hadi kando ya barabara. Basi kazi ya mwaka mzima imekwisha kwa siku 5, na siku zilizosalia mtambo unasimama chini ya mwembe, matairi yakipasuka kwa jua, sili za silinda zikikauka, na fedha ambayo ingenunua pembejeo za misimu kadha imelala pale haizai. Mwenye skida moja hulazimika kuwa mwenye kukodisha, akakokota magogo ya wenzake kwa ujira, la sivyo mtambo humla; na atakaye kununua na aanze kwa kuwatembelea wavunaji wengine na kuwauliza kwa maandishi ni mita ngapi watampa, ndipo aulize bei ya skida.

Waliotutangulia katika kazi hii walikuwa na kitu ambacho mnunuzi wa leo hana. Mashirika ya umma yaliyokuwa chini ya TWICO, shirika la viwanda vya mbao, yaliendesha mitambo mizito yakiwa na karakana, stoo ya spea na mafundi wa mshahara. Na skida iliyonunuliwa mnadani huja peke yake, karakana imebaki nyuma. Wala karakana haikutosha kuiepusha kazi ile na lawama: katika Usambara Mashariki kampuni ya Sikh Saw Mills, iliyokuwa mojawapo ya hayo, ilivuna kwa mitambo kwa msaada wa Ufini, na uvunaji ule ulilaumiwa kwa jinsi ulivyoiumiza milima na misitu yake hata ukakomeshwa katika miaka ya 1980. Gurudumu lililobeba tani kadha, likipita mara nyingi juu ya udongo mbichi wenye mteremko, huacha mfereji, na mvua ikija huufanya mfereji kuwa korongo. West Kilimanjaro, ambako wakulima hupanda viazi na karoti kati ya miche michanga ya miti, korongo hilo huishia katika shamba la mtu.

Sasa twende kwenye mtambo. Usimamishwe mahali palipo sawa, breki zimefungwa, vigingi vimewekwa nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, na ile nondo ya kufungia kiuno, ambayo kila skida huundwa nayo ili isijikunje wakati mtu yupo kati ya fremu mbili, iwe imetiwa mahali pake. Ikiwa nondo hiyo haipo, muulize muuzaji ilipotelea wapi, kwa maana mtambo ambao wenyewe waliutumikia bila nondo ulitunzwa na watu wasiojali miili yao, seuze bushi. Injini ikiwa imezimwa, futa grisi yote kwa tambara hata chuma kionekane kitupu, kisha chukua chaki ya shuleni na upige mstari mmoja ulionyooka kutoka sikio la fremu ya mbele hadi sikio la fremu ya nyuma, juu ya pini ya juu. Fanya vivyo hivyo kwenye pini ya chini. Toka, simama mbali, na umwamuru dereva awashe injini, ashushe bamba la mbele mpaka lisukume ardhi na kuyainua magurudumu ya mbele, kisha alipandishe, kisha alishushe tena, polepole. Uzito unapohama, mstari wa chaki hukatika: nusu moja huteremka, nusu nyingine hubaki. Ukikatika kwa unene wa karatasi nene, mtambo una umri wake na si zaidi. Ukikatika kwa upana wa ukucha, bushi zimekwisha na bei na ishuke. Na ukikatika kwa upana wa kidole huku chuma kikitoa mlio, mnunuzi na afunge mkoba wake.

Kwani si kila ulegevu una dawa moja. Pini na bushi zikilika, fundi wa leti mjini Moshi aweza kuzichonga mpya, na Hai kipo kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria kwa ajili ya kuunda mashine. Hizo ni gharama zinazokadirika. Lakini tundu lenyewe la sikio likiwa limelika upande mmoja likawa na umbo la yai, pini mpya haitafaa kitu, maana itacheza katika tundu bovu na kulika kabla msimu haujaisha, na tundu hilo haliponi mpaka lijazwe kwa kuchomelewa na kutobolewa upya, la juu na la chini katika mstari mmoja, pale pale kwenye mtambo. Tazama pia mishono ya kuchomelea kuzunguka masikio na mguuni mwa upinde wa nyuma. Rangi mpya mahali pamoja tu, ilhali mtambo mzima umepauka, ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya dalali.

Baada ya kiuno, winchi. Ifungiwe gogo zito, livutwe nusu ya mteremko, kisha dereva aache vidhibiti, na gogo lisiteleze kurudi chini. Likiteleza, breki ya winchi imekwisha, na hiyo ni hatari kwa yule kijana anayefunga minyororo, ambaye hana kibanda cha chuma cha kumkinga. Waya nao ukaguliwe kwa tambara, kamwe si kwa kiganja: lizungushe juu ya waya ulivute, na penye uzi uliokatika litanasa. Waya wa milimita 19 wenye mikono sita, kila mkono nyuzi 19, una nyuzi 114. Kanuni ya kale ya kazi za bandarini, ambayo sioni sababu ya kutoifuata msituni, huukataa waya ambao nyuzi zake zilizokatika zimezidi sehemu ya kumi ya nyuzi zote katika urefu wa vipenyo vinane. Kwa waya wetu huo, pima sentimita 15 na uhesabu. Ukifikia nyuzi 12, waya si wa kuvutia tena. Waya ni kitu cha kununuliwa upya, ndiyo, lakini hali yake humweleza mnunuzi tabia ya mwenye mtambo kwa unyofu ambao mwenyewe hatauonyesha.

Kuhusu injini nitasema machache, kwa kuwa Mabogini hakuna upungufu wa watu wanaoijua dizeli. Skida za zamani zilizotoka Amerika ya Kaskazini, zikiwamo Timberjack za Woodstock huko Kanada, aghalabu zilifungwa Detroit Diesel ya mikupuo miwili, ambayo hupiga kelele nyingi, huvuja oili kwa desturi, na hutaka oili ya SAE 40 peke yake badala ya ile ya 15W-40 inayouzwa katika kila kituo. Kampuni ya Timberjack ilinunuliwa na Deere mwaka 2000 na jina likaachwa baadaye, kwa hiyo spea hutafutwa kwa njia ya Deere. Mtambo uliofungwa Perkins, jamaa ya injini za Massey Ferguson, ni nusu ya taabu. Tena injini isiyo na tabo hupoteza kiasi cha asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda; mtambo uliojaribiwa katika uwanda wa Mabogini na ukafanya kazi ya kupendeza utafika Londorossi, zaidi ya mita 1,000 juu yake, ukiwa umepungukiwa na sehemu ya kumi ya nguvu au zaidi. Na jaribio lisiwe la dakika kumi. Oili ya haidroliki ikiwa baridi ni nzito na huficha uchakavu wa pampu. Mtambo ukokote magogo saa nzima mpaka oili ipate moto, ndipo usukani upimwe kama mtambo bado unajikunja kwa haraka ile ile ya asubuhi. Muuzaji anayedai kwamba mafuta hayatoshi kwa saa nzima, mnunulie mafuta.

Kwa mvunaji wa mita 200 kwa mwaka, rai yangu ni kwamba trekta lile lile alilo nalo, likifungwa winchi ya nyuma na bamba la kulizuia lisirudi, litamfaa zaidi ya skida yoyote ya mnadani, maadamu mteremko si mkali. Likitoa mita za ujazo 12 kwa siku, kazi itakwisha kwa siku 17, kisha litarudi kwenye majaruba kuvuruga. Lina hatari yake moja, ambayo dereva wa shambani haijui kwa kuwa jembe halikumfundisha: gogo likinasa kwenye kisiki huku waya umefungwa juu kuliko ekseli ya nyuma, trekta huinua pua na kumwangukia dereva kabla hajaikanyaga krachi. Kwa hiyo mvuto uwe chini ya ekseli, uzito wa ziada uwekwe mbele, na gogo lisikokotwe trekta linapopanda mlima.

Na yule ambaye amewakusanya wavunaji wenzake, akapata ahadi za maandishi, na mstari wake wa chaki haukukatika, na aandikiane na muuzaji masharti mawili kabla ya kulipa: kwamba namba ya fremu ilinganishwe na hati za forodha mbele ya mashahidi, na kwamba theluthi ya bei ibaki mkononi mwake mpaka mtambo umekokota magogo siku tatu huko msituni, juu, katika hewa nyepesi. Gharama ya kuupandisha kwa lori la kubebea mitambo, kutoka uwandani kupitia Boma Ng'ombe na Sanya Juu, iandikwe pia nani ataibeba, kwenda na, ikibidi, kurudi.